Timu moja, pointi gadi wawili: nimwanzishe mgawaji au mfungaji?

#1 KochaVumbi
Wakuu habari. Niko Morogoro, nafundisha timu ya kikapu ya vijana wa mtaa na msimu huu tumeingia ligi ya mkoa. Nina namba moja (pointi gadi, anayepandisha mpira na kuanzisha mchezo) wawili, nafasi ni moja.

Wa kwanza mtulivu. Anavuka nusu ya uwanja kichwa kikiwa juu, anaita mchezo kwa vidole, na pasi yake inamkuta mtu kwenye mkono anaorushia, si magotini. Tatizo ni kurusha. Akiachwa peke yake nyuma ya mstari anaanza kutafuta wa kumpa, na wapinzani wameshamsoma: beki wake anamwacha, anarudi kwenye boksi kumsubiri sentaa wetu.

Wa pili ni moto. Anapita watu wawili, anamaliza kwa mkono wowote, siku ikimkubali anatubeba mwenyewe. Siku ikimkataa, wenzake wanne wanasimama pembeni mikono kiunoni wanamtazama. Na presi (kukabwa kwa nguvu toka nyuma) ikija anakimbilia pembeni, wanambana kwenye kona ya mstari wa kati, mpira kwaheri.

Waliobaki: sentaa mrefu mwenye mikono mizito, fowadi mmoja anayerusha vizuri toka kona, na wakimbiaji wawili. Mazoezi ni jioni, siku ambazo mvua haijalowesha kiwanja. Msaidizi wangu anamtaka wa pili, mimi roho iko kwa wa kwanza. Nyie mngemwanzisha nani, na kwa nini?

#2 Benchi la Nyuma
Kwa hiyo una Dereva na una Bodaboda. Dereva atakufikisha. Bodaboda atakufikisha mapema, au mtaonana hospitali.

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

#3 Mzee wa Upanga
Dereva, na mjadala ungeishia hapa. Sisi tulifundishwa kwamba namba moja ni kocha aliyevaa jezi. John Stockton alicheza Utah kule NBA ya Marekani tangu 1984 mpaka 2003, timu ile ile, akaondoka na asisti (pasi za kufungisha) 15,806. Mpaka leo hakuna aliyezifikia. Hakuwa mrefu, hakuwa mrukaji, hakuwa na mbwembwe. Skrini ya Malone (mwenzake anasimama kumziba beki), anageuka, pasi, kikapu. Kila mtu uwanjani anajua kinachokuja na bado hakizuiliki.

Vijana wa siku hizi mnadunda mpira mpaka sekunde 24 zinaisha halafu mnamlaumu refa.

#4 Chuga Finest
Shikamoo mzee. Stockton ana pete ngapi za ubingwa vile?

#5 Mzee wa Upanga
Marahaba. Na wewe unazo ngapi?

#6 TakwimuTu
Hana pete. Alifika fainali 1997 na 1998, zote akafungwa na Chicago. Ila msimsahau kwa upande wa pili: ndiye mwenye rekodi ya kupora mipira pia, 3,265. Mnamtaja kama mgawaji tu wakati nusu ya kazi yake ilikuwa kuuchukua mpira kwanza.

Sasa swali la kuongezea: namba moja wa Chicago hao waliomfunga alikuwa nani? Ron Harper. Kabla ya kufika pale alikuwa mfungaji, alipofika akageuzwa mkabaji. Mpira ulikuwa kwa Pippen na Jordan. Derek Fisher naye ana pete tano na Lakers, na asisti zake kwa maisha yake yote ni wastani wa 3 tu kwa mchezo. Mabingwa wale hawakuwa na Dereva wala Bodaboda. Walikuwa na mtu anayekaba, anayesimama pale alipoambiwa, na anayefunga akiachwa.

#7 Chuga Finest
Mnaongea habari za enzi za kaptula fupi. Dunia imebadilika. Curry 2016 alipewa MVP (mchezaji bora wa msimu) kwa kura zote, hakuna hata mmoja aliyempinga, na msimu ule alitupia pointi tatu 402. Huyo ni namba moja MFUNGAJI. Westbrook naye 2017 alichukua MVP na ubingwa kwa kucheza peke yake. Bodaboda aanze, wengine wapande nyuma.

#8 TakwimuTu
Mkuu, MVP ya Westbrook ni kweli. Wastani wake ulikuwa pointi 31.6, rebaundi (mipira iliyokosa kikapu akaiokota) 10.7, asisti 10.4, nao ni wa kutisha. Ubingwa hapana. Houston iliwatoa raundi ya kwanza, nne kwa moja.

#9 Chuga Finest
Alichukua ubingwa wa mioyo yetu. Endelea na Curry.

#10 Bibi Rebaundi
Nianze na huyo Curry, maana kila kijana anayekuja kwangu mazoezini anarusha toka katikati ya uwanja halafu ananitajia jina hilo.

Curry ana hatari HATA mpira usipokuwa mkononi. Akishampa Draymond Green ndipo kazi inaanza: anakimbia, anapita nyuma ya skrini ya kwanza, ya pili, mabeki wawili wanamfuata, wengine wanabaki wazi. KochaVumbi, jiulize hivi kuhusu Bodaboda wako: akishatoa pasi anafanya nini? Kama anasimama na kuomba arudishiwe, huyo si Curry. Ni mtu mwenye mpira.

Mimi nafundisha wasichana wa sekondari Arusha. Siku hizi namba moja simtazami mpaka nimewatazama wale wanne. Wewe una sentaa mwenye mikono mizito. Dereva atampa pasi tamu na itadondoka. Pasi ya kushtukiza inafaa kwa sentaa anayeiona. Wako anahitaji mtu wa kumpandishia mpira juu, taratibu, akiwa ameshasimama na ameshageuka. Je, Dereva anajua hilo au anapiga pasi za kupendeza tu?

#11 KochaVumbi
Dada umenigusa. Dereva anapiga za chini, za kudunda. Zinamgonga sentaa kwenye mapaja.

#12 Benchi la Nyuma
Hahaha, hiyo si asisti ni shambulio la kudhuru mwili.

#13 Mpiga Zoni
Bandiko la kumi na tatu hili na hakuna aliyeuliza swali la maana: kati ya hao wawili NANI ANAKABA?

Kwenye ligi za mikoa, mechi nyingi naziona zinaamuliwa na kitu kimoja, nani anamsumbua mwenye mpira wa timu nyingine. Namba moja wa upande wa pili naye ni mtoto wa mtaani kama wako, naye ana shida zake na presi. Mkabe uwanja mzima. Sheria inampa sekunde 8 kuvuka nusu, refa anahesabu kwa mkono, mashabiki wanahesabu kwa sauti, mtoto wa watu anachanganyikiwa. Hapo unapata leiapu (kikapu rahisi cha karibu) bila kuita mchezo wowote.

Mimi ningeanzisha mwenye miguu ya kukaba. Pasi na kurusha utamfundisha. Moyo wa kukaba hafundishwi mtu.

#14 Mzee wa Upanga
Kwa hapo Mpiga Zoni tuko pamoja, ingawa jina lako linanitia shaka.

#15 Mwana wa Mvita
Hamjambo nyote. Huku Mombasa tulipata tatizo kama hilo hilo kwenye timu yetu na tukawaanzisha wote wawili. Yakhe, kwani nani kasema lazima uchague?

Philadelphia walimchukua Iverson 1996 akiwa namba moja. Larry Brown alipokuja akamtoa pale, akampeleka namba mbili (gadi wa kufunga), mpira akapewa Eric Snow. Iverson akapumzika kazi ya kuuvusha, akabaki na kazi anayoiweza: kufunga. 2001 akawa MVP, timu ikaingia fainali. Na uzuri ni kwamba Snow alikuwa na mwili zaidi, kwa hiyo upande wa kukaba yeye ndiye aliyechukua gadi mkubwa wa wapinzani, Iverson akamchukua mdogo. Kazi zilibadilishwa pande zote mbili.

Dereva namba moja, Bodaboda namba mbili. Bodaboda apokee mpira ukiwa umeshavuka, beki akiwa ameshaanza kusogea. Hapo ndipo mtu kama yule ana sumu.

#16 TakwimuTu
Naongeza mfano. Dallas 2011, fainali na Miami, walikuwa nyuma mbili kwa moja. Mchezo wa nne kocha Carlisle akamwanzisha J.J. Barea, gadi mfupi mwenye mbio, pembeni ya Jason Kidd, mzee wa miaka 38. Wakashinda mitatu mfululizo wakabeba kombe. Dereva na Bodaboda kwenye gari moja.

#17 KochaVumbi
Mwana wa Mvita, nimeliwaza hilo. Shida wote wawili wafupi. Wapinzani wetu wana gadi mmoja mkubwa, akimpata mfupi anamgeuzia mgongo anasukuma mpaka chini ya ring'i. Dallas walikuwa na Tyson Chandler wa kusafisha nyuma. Mimi nina mikono mizito.

#18 Mpiga Zoni
Zoni 2-3, kila mtu analinda eneo badala ya mtu. Wafupi wawili mbele, warefu watatu nyuma. Tatizo limekwisha.

#19 Mzee wa Upanga
Nilijua tu tutafika kwenye zoni.

#20 Bibi Rebaundi
Halijakwisha. Kwenye 2-3 wale wa mbele ndio wanaokimbia kuliko wote, toka pembeni mpaka katikati na kurudi. Bodaboda akichoka kukaba, akifika mbele mashuti yanagonga chuma. Na rebaundi kwenye zoni hakuna mwenye mtu wake wa kumzuia, kila mmoja anadhani mwenzake atamfungia njia. Mrefu wao anajiokotea tu. (Jina langu nalipigania.)

#21 Likofi wa Goma
Jambo bandugu. Mimi naona munapoteza saa. Huku kwetu Goma kwenye timu yetu hakuna namba moja. Anayeokota rebaundi ndiye anapandisha, wengine wanakimbia. Angalia Jokić: sentaa, mita 2 na zaidi, ndiye anayegawa mpira, na Denver ilipata ubingwa 2023. LeBron 2020 aliongoza NBA kwa asisti, 10.2 kwa mchezo, na Lakers wakachukua kombe. Magic alikuwa na sentimita 206! Hizi namba moja, mbili, tatu ni za kuandika kwenye karatasi.

#22 Chuga Finest
Likofi, sawa kabisa. KochaVumbi, tuambie kama Jokić wako yupo.

#23 KochaVumbi
Ninaye mwenye mikono mizito, mkitaka nimwite Jokić nitamwita.

#24 Benchi la Nyuma
Uzi umeanza kuwa mtamu, ngoja nikachukue chai.

#25 Mzee wa Upanga
Magic msimtaje ovyo. Alikuwa mrefu, ndiyo, lakini akili yake ilikuwa ya namba moja tangu mwanzo. 1980, msimu wake wa kwanza kabisa, Kareem ameumia, fainali mchezo wa sita. Kijana akaanza nafasi ya sentaa, akafunga 42 na rebaundi 15 na asisti 7, ubingwa ukaja. Huyo hakuonyesha kwamba nafasi hazipo. Alionyesha kwamba yeye aliziweza zote. Wako wangapi?

#26 Kidongo Chekundu
Naona Curry anatajwa sana humu. Tukumbushane kwamba rasimu ya 2009 (timu za NBA zikichagua wachezaji wapya) Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili, Curry akaja wa saba. Mbongo alimpita Curry, wekeni hilo kwenye kumbukumbu.

#27 Chuga Finest
Na Harden alikuwa wa tatu. Memphis walikunywa nini siku ile?

#28 TakwimuTu
Memphis walikuwa na Mike Conley tayari, hawakuwa wanatafuta namba moja. Wa kushangaza ni Minnesota. Walikuwa na chaguo la tano na la sita, zimefuatana, na wakachukua pointi gadi WAWILI: Ricky Rubio na Jonny Flynn. Golden State wa saba wakamchukua Curry.

Na hadithi haiishii hapo, inahusu kabisa swali la KochaVumbi. Rubio akabaki Hispania miaka miwili. Flynn akaachiwa timu. Halafu akaletwa kocha Kurt Rambis, aliyetoka Lakers na mfumo wa pembetatu, mfumo ambao namba moja hachezeshi sana. Anampa mpira wa kwanza mtu wa pembeni, anakata, anakwenda kona. Flynn alikuwa mtu wa kushika mpira mkononi, kuitiwa skrini na kuamua. Wakamchukua mpishi halafu wakafunga jiko. Akaumia nyonga, na ilipofika 2012 alikuwa ameshatoka NBA.

Kwa hiyo kabla hujauliza nani, uliza unacheza nini.

#29 Mwana wa Mvita
Hapo TakwimuTu umesema kweli tupu. Ila wako watu wanafanya kinyume, wanamtazama mtu walionaye halafu ndio wanachagua cha kucheza. Phoenix 2004 walikuwa wameshinda michezo 29 msimu mzima. Akaja Nash, D'Antoni akawaambia kimbieni, msimu uliofuata 62. Hakumbana Nash kwenye mfumo. Mfumo ulimfuata Nash.

#30 Chuga Finest
Na huyo huyo D'Antoni alipofika Houston akamchukua Harden, mfungaji wa namba mbili, akamwambia kuanzia leo wewe ni namba moja. Msimu wa 2016-17 Harden akaongoza ligi nzima kwa asisti, 11.2 kwa mchezo. TakwimuTu nikosoe.

#31 TakwimuTu
Hakuna cha kukosoa.

#32 Chuga Finest
Asanteni, nimemaliza. Bodaboda anaweza kugeuzwa Dereva. Dereva hageuki kuwa Bodaboda hata umpe mafuta ya ndege.

#33 Bibi Rebaundi
Haraka ya nini, kijana. Harden alikuwa na warushaji watatu pembeni na Capela wa kurushiwa mpira juu ya ring'i. Akipita beki mmoja, anayekuja kusaidia ameacha mtu wazi, pasi inajionyesha yenyewe. KochaVumbi ana mrushaji mmoja wa kona. Bodaboda akipenya, mabeki wanne wanaingia wote kwenye boksi kwa sababu hawaogopi kinachobaki nje. Hapo hata Harden angepoteza mpira.

Na tusiwaogope sana wanaopoteza mpira. Caitlin Clark 2024, msimu wake wa kwanza WNBA (NBA ya wanawake), aliweka rekodi ya asisti za msimu, 337. Msimu huo huo akaweka na rekodi ya kupoteza mpira, 223. Mtu yule yule! Anayejaribu pasi ngumu atapoteza nyingine. Cha kutazama ni wapi unapotea. Ukitoka nje, mnarudi mnajipanga, hakuna aliyekufa. Ukiporwa katikati ya uwanja ni leiapu ya bure kwa wapinzani. KochaVumbi, wa Bodaboda unapotelea wapi?

#34 KochaVumbi
Mstari wa kati, kama nilivyosema mwanzo. Mara nyingi ni leiapu.

#35 Bibi Rebaundi
Basi hilo ni jambo la kufundishika. Mzuie kukimbilia pembeni. Akiona wawili wanamjia, arudi nyuma hatua mbili kwa kudunda, aangalie katikati. Fowadi wako mmoja asimame katikati ya uwanja kila mnapopresiwa, apokee, ageuke. Lile kosa halihusu kipaji chake, ni kwamba hana mtu wa kumpa. Wengine wote wameshakimbia mbele wanasubiri miujiza.

#36 Mzee wa Upanga
Dada, na hapo ndipo unapomhitaji Dereva, maana yeye hafiki kwenye huo mtego.

#37 Namba Sita
Niseme kwa uzoefu. Nilikuwa Bodaboda enzi zangu, chuo. Kocha akanitoa wa kwanza akaniweka benchi, akaniambia utaingia robo ya pili. Nilinuna. Siku za mwanzo nilikuwa naingia na hasira, narusha kila mpira.

Kilichonibadilisha si maneno ya kocha. Ukikaa benchi robo nzima unaona. Unaona beki gani anakaba kwa mikono badala ya miguu, unaona nani ana faulo mbili na anaogopa ya tatu, unaona sentaa wao akishuka taratibu. Nikiingia naenda moja kwa moja kwa yule mwenye faulo. Wakati mwingine na kikosi chao cha pili ndicho kilichopo uwanjani, mabeki wa kuchezea tu. Manu Ginóbili alifanya kazi hiyo San Antonio na hakuna anayemwita mchezaji wa akiba.

Bodaboda aanzie benchi, lakini mwambie mapema na mbele ya wenzake kwamba dakika za mwisho atakuwa uwanjani. Ukimficha atakuvuruga.

#38 Chuga Finest
Kumbe hilo jina lako ndiyo maana yake, mtu wa sita, wa kwanza kutoka benchi. Nilidhani ni namba ya jezi.

#39 Likofi wa Goma
Namba Sita, maneno yako ni mazuri, lakini kama Dereva harushi, dakika za mwisho mutacheza wane dhidi ya watano.

#40 TakwimuTu
Rajon Rondo hakuwa mrushaji. Mabeki walikuwa wanamwachia nafasi ya kuegesha gari. Boston 2008 wakabeba naye. Lakini alikuwa na Pierce, Garnett na Ray Allen, na yeye alitumia ile nafasi kukimbilia: beki akirudi nyuma, Rondo anamfuata kwa kasi mpaka anamfikia akiwa amesimama. Dereva naye beki akimwacha asisimame kushangaa. Aitumie ile nafasi kama barabara, au aende akampe skrini mrushaji wa kona, maana beki wake hayupo kuja kumzuia.

#41 KochaVumbi
Hili la skrini sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimelinukuu.

#42 Mwana wa Mvita
Wakati mnaendelea, niwakumbushe Februari 2021. Kenya na Angola, kufuzu AfroBasket (ubingwa wa kikapu wa Afrika). Morans walishinda 74 kwa 73, Tylor Ongwae akatupia wakati muda unaisha. Kenya ikarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, na kocha alikuwa mwanamke, Liz Mills. Ule mpira wa mwisho haukupewa mtu kwa sababu ya namba yake. Alipewa mwenye mkono usiotetemeka. Unaweza kuanza na Dereva, kumaliza na Bodaboda, na mpira wa mwisho ukampa fowadi wa kona.

#43 Kidongo Chekundu
Wakenya hamwezi kukaa uzi mzima bila kutaja ile mechi.

#44 Mwana wa Mvita
Nyie mumetaja ya 2009, sisi tumenyamaza kwa heshima.

#45 KochaVumbi
MREJESHO. Wakuu, Jumamosi tumecheza. Nilimwanzisha Dereva. Robo ya kwanza ikaenda vizuri, hatujapoteza mpira ovyo, ile skrini ya kwa mrushaji wa kona imetupa vikapu vya wazi mpaka kocha wao akaomba muda. Robo ya pili nikamwingiza Bodaboda, nilishamwambia mbele ya wote. Akawaka. Tukaenda mapumziko tunaongoza.

Robo ya tatu nikawaweka wote wawili pamoja kwenye zoni. Yule gadi mkubwa akaacha kugeuza mgongo, akawa anapokea katikati ya zoni na kugawa. Wametufungia toka kona, kona, kona. Robo ya nne Bodaboda faulo tano, nje. Tumefungwa kwa kikapu kimoja.

#46 Chuga Finest
Unaona? Bodaboda akiwa ndani mnaongoza, akitoka mnafungwa.

#47 Mzee wa Upanga
Mimi nimesoma kitu kingine. Dereva peke yake hamkupoteza mpira. Mmeanza kuchanganya ndipo mambo yakaharibika.

#48 Mwana wa Mvita
Kuchanganya hakukuharibu kitu, zoni ndiyo iliyoharibu. Wangekaba mtu kwa mtu kama Snow na Iverson.

#49 Mpiga Zoni
Zoni haina kosa. Pakifunguka katikati ni kazi ya sentaa kupanda. Wakifunga toka kona ni kwa sababu fowadi wa nyuma alichelewa. KochaVumbi, yule gadi alipopokea katikati sentaa wako alikuwa wapi?

#50 KochaVumbi
Chini ya ring'i, ameinua mikono.

#51 Mpiga Zoni
Basi wewe huna tatizo la namba moja. Una tatizo la namba tano, sentaa. Mweke benchi mrefu, ingiza mmoja wa wale wakimbiaji, cheza na watu watano wanaosogea.

#52 Bibi Rebaundi
Na rebaundi ataokota nani, wewe?

#53 Likofi wa Goma
Mpiga Zoni leo amekuja upande wangu. Karibu, ndugu.

#54 KochaVumbi
Wakuu, sentaa haendi benchi. Mpira tunaofanyia mazoezi ni wa kwake.

#55 Benchi la Nyuma
Hahahaha. Huyo ndiye pointi gadi wenu, acheni ubishi.